Mstari wa Sitini na Tatu

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Baba analalamikia goti, ila ukimwuliza anasema goti ndilo linalomlalamikia yeye. Mama ana miwani mpya na sasa anaona vumbi ambalo zamani halikuwepo, kwa hiyo nyumba nzima hatupumui. Mdogo wangu bado yuko chuo cha umeme. Juzi alitengeneza pasi ya Mama, ikazima taa za majirani watatu.

Sikio je? Ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita nilikupigia simu kukwambia nimepata kazi, ukanijibu, "Mpe pole, atapona." Nikaona hapa hatuelewani, heri tuandikiane.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna ofisi inakusanya lugha ndogo ambazo wasemaji wake wanapungua, na kilugha chetu kimo. Nimepewa kujenga hifadhidata ya maneno ya undugu: nani anamwita nani nini. Chumba changu kiko ghorofa ya tatu, kina kompyuta, kabati la kanda za zamani, na feni ambayo haizunguki mpaka uipige kofi. Kila neno lina mstari wake. Naandika neno, maana yake, naweka sauti ya mtu akilitamka, halafu naandika mwenzake. Mwenzake maana yake ni hivi: mimi nikikuita shangazi, wewe unaniitaje? Neno lisilo na mwenzake kompyuta inalipaka rangi nyekundu na haitaki kulipokea.

Sasa unajua mimi kilugha nakijua nusunusu, nimekulia kwenye Kiswahili. Baba ukimwuliza anasema amesahau. Kwa hiyo nakutumia fomu, unijazie taratibu ukipata nafasi. Mstari mmoja nimekwisha kuujaza mwenyewe, wa sitini na tatu: "Katiye: binti wa kaka, akiitwa na shangazi yake." Hilo sihitaji kuuliza mtu, ndivyo unavyoniita tangu nijijue. Mwenzake tu sina. Niambie, kwa kilugha nilipaswa kukuitaje?

Tarehe kumi na tano Oktoba tunafungulia watu wote. Mistari itakayokuwa bado myekundu siku hiyo inafutwa.

Nakusalimu sana,
Bibi Maswali wako


2 Machi

Katiye wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Hongera ya kazi. Kumbe hakuna mgonjwa! Mimi nilikwisha kumwombea dua.

Hapa mzima. Shule zimefungua na wazazi wote wamegundua siku moja kwamba watoto wamekua, kwa hiyo nimezungukwa na sare za bluu mpaka nikifumba macho naona bluu. Fundi viatu wa jirani anakusalimu. Bado anapiga misumari na kuongea kwa wakati mmoja, na bado hajameza hata mmoja.

Meseji za simu usinitumie. Kidole changu kimoja kinabonyeza herufi tatu kwa mpigo, halafu simu inaniuliza nilitaka kusema nini. Barua ni sawa.

Habari ya sikio nakwambia mara moja, tusiirudie rudie. La kushoto limekwisha. La kulia, daktari ameandika kwenye karatasi kwa sababu alichoka kunipigia kelele: mpaka mwisho wa mwaka, labda. Kile kidude cha kuvaa sikioni nilijaribu, kikanipigia mluzi siku nzima, nikakirudisha. Sikulia. Nilimwambia daktari kuna kitu kimoja tu ningependa kukisikia kabla halijaziba. Akauliza ni kitu gani, nikamwambia hakimhusu. Na wewe usiulize.

Haya, hiyo hifadhidata. Mimi hifadhi nilizozijua ni za wanyama. Kumbe na ndugu wanawekewa uzio! Nimejaza fomu yako mistari arobaini, kwa penseli, maana mengine nilibadili mawazo. Usishangae. Mstari wa kumi na mbili, mke wa kaka: neno nimeandika, lakini usinirekodi mama yako akiwepo. Nimelitamka kwa mdomo uliobinuka tangu siku alipoolewa na sasa sijui kulitamka vingine. Mstari wa ishirini na saba, baba mkwe: neno lipo, ila mkwe halitamki. Anakohoa, mzee anajua ni fulani. Sasa kompyuta yako itaandikaje kikohozi?

Mstari wa sitini na tatu nimeuruka. Siyo kwamba sikuuona.

Wasalimu wote. Mwambie kaka yangu goti halitibiwi kwa kulisema.

Shangazi yako


29 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Fomu imefika, imenukia mafuta ya cherehani mpaka msimamizi wangu akauliza nani ameleta injini. Alicheka mstari wa kumi na mbili mpaka akavua koti. Na kikohozi kimekubaliwa! Tumemwita mzee mmoja akakohoa mbele ya kipaza sauti, kistaarabu kabisa, na sasa kiko ndani pamoja na maneno mengine.

Sijaulizia kile kitu cha daktari. Umeona nilivyo mtiifu. Lakini naliwaza sikio lako nikiwa kazini, nikiwa njiani, nikiwa naoga.

Sasa nina jambo. Kila nilichoandika hupitiwa na mwalimu mmoja mstaafu, anakijua kilugha chetu kuliko sisi sote. Tunamwita Mwalimu Miwani kwa sababu anazo mbili, moja ya kusomea na moja ya kutafutia ile ya kusomea. Mistari yako yote ameipigia vyema. Wangu mmoja ameukata. Ameandika hivi pembeni: "Si kweli. Binti wa kaka ni mwilego, na mtoto wa kiume wa kaka pia ni mwilego. Katiye ni mtoto uliyekabidhiwa awe wako. Nani amekuita hivyo?"

Nikabishana naye. Nikamwambia shangazi yangu mwenyewe ananiita hivyo, na yeye ndiye msemaji wetu bora. Akavua miwani, akanitazama, akasema, "Basi muulize yeye."

Nikarudi nyumbani nikatoa barua zako zote za zamani, zile ulizokuwa unatuandikia tukiwa shule. Mdogo wangu unamwita mwilego. Kila mahali, mwilego. Katiye ni mimi peke yangu. Nimekaa na barua hizo mapajani mpaka chai ikapoa. Ninachojua mimi ni kwamba nilikaa kwako miezi michache Mama alipolazwa. Basi. Shangazi, kwa nini unaniita hivyo?

Na mstari bado mwekundu.

Bibi Maswali


20 Aprili

Katiye,

Marahaba. Mvua imenyesha wiki nzima, nguo za wateja hazikauki, na mtu mmoja ameniletea suruali niipunguze kiuno halafu akarudi kesho yake amenenepa. Nimemwambia mimi nafuata tepu, sifuati tumbo.

Nimekutumia mistari mingine kumi na tisa. Neno la pacha aliyetangulia nimeliandika mara mbili kwa sababu sikumbuki lina mdomo wa kufunga au wa kufungua. Muulize huyo Mwalimu Miwani wako, si anajua kila kitu. Mwulize pia nyumbani kwake wanamwitaje, maana mtu mwenye maswali mengi hivyo lazima ana jina.

Sikio linaendelea na safari yake.

Lile gauni la njano, lenye vifungo vitatu mgongoni, bado lipo? Nimeuliza tu.

Shangazi yako


30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Umeniandikia ukurasa mzima wa suruali ya mtu na swali langu hukuligusa. Haya. Mimi nimeuliza la gauni.

Jumapili nilikuwa nyumbani. Mama akapanda kwenye kiti akalitoa juu ya kabati, ndani ya mfuko wa karatasi, na mengine sita chini yake. Nilikuwa nalikumbuka lile la njano kwa sababu ya mistari. Kwenye pindo kuna mikunjo ya zamani, mmoja juu ya mwingine, minne, kila mmoja umeacha alama iliyofifia. Mama alikuwa analishusha kila mwaka, nalivaa tena. Nilidhani nguo zote za watoto zina mistari hiyo.

Nikamwuliza Mama, "Nilikaa kwa Shangazi miezi mingapi?" Baba alikuwa anasoma gazeti. Akalikunja, akasema anakwenda kuangalia tangi la maji. Baba alikuwa fundi wa mitambo ya maji miaka thelathini, Shangazi, anajua tangi lile halina neno.

Mama akakaa chini, gauni mkononi. Akasema, "Si miezi. Ulikwenda una miezi saba, tukakuchukua una miaka minne na nusu." Halafu akasema, "Mimi nilitaka uambiwe zamani. Yeye hakutaka." Nikamwuliza yeye nani, Baba au wewe? Akaendelea kukunja.

Sijakasirika. Nimekasirika kidogo. Lakini si na wewe. Nina miaka ishirini na tisa, kazi yangu ni kujua nani ni nani kwa nani, halafu sijui mimi ni nani kwako. Niambie mwenyewe. Sitaki kulisikia kwa mtu mwingine.

Wako


25 Julai

Katiye wangu,

Marahaba. Najua nimechelewa. Barua hii nimeianza mara tatu na mara zote tatu nimeikata violezo vya kola. Sasa naandika kwa kalamu ya wino, nisiweze kufuta.

Salamu kwanza. Mimi mzima. Sikio la kulia halisikii tena cherehani. Najua inakwenda kwa sababu mguu unatikisika.

Ulikuwa na miezi saba. Mama yako alilazwa na hakuna aliyejua kama atatoka. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nimekwisha kuachika, na sababu ya kuachika unaijua: sikuzaa. Baba yako akaja nawe umefungwa kwenye shuka ya hospitali. Hakusema "nishikie". Marehemu mama yetu alikuwepo, na mbele yake baba yako akasema kwa kilugha, huyu ni katiye wako. Neno hilo halisemwi kwa kuazimana. Nikakupokea, na tangu saa ile nikawa mtu mwingine kabisa. Nilikuwa nashona nimekufunga mgongoni, na wateja wakilalamika kwamba mshono umepinda nawaambia mlaumuni huyu.

Mama yako akapona. Namshukuru Mungu kwa hilo, na siandiki kwa adabu tu. Alipopata nguvu akaja kukuona, ukamkimbia, ukajificha chini ya cherehani yangu. Halafu baba yako akapata uhamisho wa mbali, wakaja kukuchukua, Jumamosi asubuhi. Ningeweza kukataa. Ukoo wote ungesimama upande wangu, maana katiye harudishwi. Lakini nilimtazama mama yako, alivyokonda, amesimama mlangoni hathubutu hata kukaa, nikaingia ndani nikafunga nguo zako. Magauni saba. Yote nilikuwa nimeyaacha na upindo wa vidole vinne. Baba yako akauliza upindo wote huo wa nini. Nikamwambia mtoto atakua, na mimi sitakuwepo kumpima.

Nilikasirika, usidhani mimi ni malaika. Mwaka mzima sikumwandikia kaka yangu hata salamu. Halafu akaniomba nisikwambie mpaka uwe mkubwa, nikakubali. Ukawa mkubwa, hakuna aliyekuja kunitangazia kwamba umekuwa mkubwa.

Kilugha chetu hakina neno la katiye aliyerudishwa, kwa hiyo ningekuita nini? Siku moja nilijaribu kukuita mwilego kama mdogo wako. Mdomo ulikataa. Basi nikaendelea.

Sasa mstari wako mwekundu. Mwalimu Miwani hawezi kukusaidia, na fomu haiwezi. Mwenzake wa katiye hana neno moja la watu wote. Mtoto ndiye hulitoa, siku anapoanza kusema, kwa mdomo wake ulivyo, na likishatoka ndilo hilo hilo. Marehemu mama yetu mwenyewe alikuwa katiye wa mtu, naye akampa yule aliyemlea neno ambalo maana yake ni kijiko. Mpaka anazikwa mlezi huyo aliitwa Kijiko. Lako ulilitoa una mwaka na miezi miwili, umekaa sakafuni na kopo la vifungo. Mimi nilikuita kutoka kwenye kiti, "Katiye!" Wewe ukanirudishia kipande cha neno langu, mara mbili, ukacheka. Nami nikaitika. Kuanzia hapo ndivyo ulivyoniita, asubuhi mpaka unalala.

Neno hilo nalisikia kila siku, mwanangu. Wateja wanalo mdomoni. Redio ilikuwa nalo kabla sijaacha kuisikia. Fundi viatu hamalizi sentensi bila kulitia. Na kila likisemwa nageuka. Miaka ishirini na minne nageuka, na si mimi ninayeitwa.

Usiniombe niliandike. Mtu hajiiti mwenyewe. Nikikuandikia utakuwa umelisoma tu, hutakuwa umeniita. Hicho ndicho kitu nilichomwambia daktari kwamba hakimhusu. Nimekwambia sasa. Wewe kinakuhusu.

Mimi niliyekulea


9 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Barua yako ilikaa posta wiki mbili, na mimi nikakaa nayo wiki nyingine mbili. Niliisoma ofisini, jambo la kijinga kabisa, ikabidi nimwambie msimamizi feni imeniingiza vumbi machoni.

Nilijaribu kulikumbuka mwenyewe. Nilikaa sakafuni na vifungo, usinicheke, mtu mzima na cheti chake ukutani. Nikajiita kwa sauti, Katiye, Katiye, nikingoja mdomo unijibu. Haukujibu. Nikamwuliza Mama. Akasema, "Mimi nilikuwa hospitali ulipoanza kusema. Baadaye nilikuwa nakusikia unasema maneno nisiyoyaelewa. Muulize baba yako." Baba akanijibu kwamba goti linamwuma.

Basi Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, naona mlango unafunguliwa. Baba. Amepanda ghorofa tatu na goti lile! Akakaa kwenye kiti cha wageni, kofia mkononi, akalitazama kabati la kanda kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Nikapiga feni kofi. Halafu akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. Ni ripoti yangu ya shule, ya darasa la kwanza. Sikujua kwamba ameitunza. Chini kabisa mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Mtoto anachanganya nafsi. Asahihishwe nyumbani."

Baba akasema, "Nami nilikusahihisha."

Kule tulikohamia watu wote walisema Kiswahili. Kila jioni nilikuwa nasimama mlangoni nakuita, ndivyo alivyoniambia, na majirani wakawa wanacheka na kuniuliza ninamsema nani. Mama akawa anauliza nina maana gani. Baba alijua. Alijua tangu siku ya kwanza, na akawaambia wote kwamba mtoto bado hajui Kiswahili vizuri. Akanisahihisha mpaka nikaacha. "Nilidhani ukiacha kumwita utaacha kumlilia," alisema. "Na kweli uliacha." Shangazi, Baba alilia. Sikuwahi kuona. Nilimpa leso yangu, ile uliyoitarizi, akaitazama akalia zaidi.

Halafu akanitajia neno.

Silitaji hapa. Nitakwambia tu kwamba barua hii nimeiandika mara nne, maana linaniponyoka kwenye kila sentensi. Hivi umewezaje miaka yote hii?

Nakuja Jumamosi, tarehe ishirini na nane. Baba anakuja pia, amesema usipotaka kumwona atakaa kwa fundi viatu. Nitabeba kinasa sauti. Sikio lako la kulia usilitumie hovyo mpaka nifike. Usisikilize wateja.

Wako,
Katiye


5 Oktoba

Katiye wangu,

Marahaba. Natumaini mmefika salama na baba yako ameshuka garini bila kulitukana goti. Mwambie kiti nilichompa akalie ndicho kile kile alichokikataa Jumamosi ile ya zamani. Hakukitambua, kimebadilishwa kitambaa. Fundi viatu amemshonea soli bila kumwuliza. Anasema alikaa kwake nusu saa nzima, kofia mkononi, anachungulia mlango wangu. Kwa nini nusu saa? Mimi ndugu yangu nilikuwa nimemsamehe tangu gauni la pili, alipoandika kwamba limeshushwa pindo na linakutosha. Sikumwambia, na hilo ni kosa langu. Tumwachie Mungu.

Ndani nimekutia fomu. Sitini na tatu nimeujaza kwa wino. Neno: katiye. Maana: mtoto uliyekabidhiwa awe wako. Mwenzake: Yeye.

Naliandika leo kwa mara ya kwanza, kwa ajili ya kompyuta yako. Pekua barua zangu zote, hata zile za shuleni, hutalikuta mahali. Unaniuliza nimewezaje. Kwa shida! Jaribu kuandika "na huyu naye" miaka ishirini na minne. Wateja wanadhani nimelelewa vibaya. Neno ambalo Kiswahili kizima kinamwita nalo kila mtu, tajiri, maskini, mwizi, na wewe ukanipa niwe nalo peke yangu! Halafu mwalimu wa watu anaandika unachanganya nafsi. Hukuchanganya kitu, mwanangu. Ulikuwa na nafsi moja unaitaka.

Natumaini mstari sasa utageuka kijani na Mwalimu Miwani ataupigia vyema kwa miwani zote mbili. Mwambie asante, na lile swali la jina lake la nyumbani bado nalisubiria jibu.

Sikio la kulia sasa linasikia mlango ukibamizwa, basi. Usisikitike. Daktari nimemwambia kile kitu nimekipata, akaniandikia "hongera" kwenye karatasi bila kujua ni nini.

Kuna jambo moja nataka kukiri, na ndiyo sababu hasa ya barua hii. Siku ile nilikuwa nimeupa mlango mgongo, natia zipu kwenye sketi. Unasema ulipiga hodi mara tatu, na kweli sikuisikia hata moja. Ukaja upande wa kulia, ukainama, nikaona kivuli chako kwenye kitambaa, ukalisema. Mimi nikageuka nikakwambia, "Sijasikia, sema tena." Ukasema tena, kwa nguvu. Nikatikisa kichwa. Ukarudia. Fundi viatu akaacha misumari. Ukapiga kelele mpaka sauti ikakauka, mkono umenishika bega, machozi yanakutoka, baba yako amesimama mlangoni, na mimi bado nasema, "Nini? Sema tena." Mara saba. Zote umesema zimo kwenye kinasa chako, usifute hata moja.

Ya kwanza niliisikia vizuri kabisa. Zile sita nilikuwa nakudanganya.

Yeye